Mtoto anapoishiwa: mwongozo kwa wazazi na walimu wa watoto wenye usonji, ADHD na wenzao

Mwanangu alikuwa anapanda daladala peke yake kutoka Buhongwa hadi mjini, hapa Mwanza. Alijua vituo vyote kwa mpangilio, alijua konda yupi anarudisha chenji na yupi hujifanya amesahau. Muhula wa pili wa darasa la sita, Jumanne moja asubuhi, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika soksi moja mkononi, hawezi kuivaa. Hakukataa. Aliikodolea macho tu, kama vile hajawahi kuona soksi. Nikasubiri, nikafoka, nikamvalisha kwa nguvu, tukachelewa wote wawili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu mwaka wa 17, na ungeniuliza siku ile ningekwambia mtoto amedeka.

Hakuwa amedeka, alikuwa ameishiwa nguvu za mwili na akili. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angenishika mkono anieleze asubuhi ile. Ni kwa mlezi wa mtoto mwenye usonji, ADHD (umakini unaotawanyika, mwili usiotulia), disleksia (herufi na kusoma vinamsumbua), au yule ambaye hajawahi kupimwa lakini ukoo mzima unajua kichwa chake kina mpangilio wake.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Mtoto aliyechoka akilala Jumamosi, Jumapili yuko uwanjani. Aliyeishiwa analala siku nne na anaamka vilevile. Watu wazima wenye usonji ndio walioanza kulisimulia jambo hili, na mwaka 2020 mtafiti wa Marekani Dora Raymaker na wenzake walichapisha utafiti uliotokana na simulizi hizo. Walikuta mambo matatu yanayotembea pamoja: uchovu mzito wa muda mrefu, kwa kawaida miezi 3 au zaidi, kupotea kwa stadi ambazo mtu alikuwa nazo, na kushindwa kuvumilia kelele, mwanga, mguso au harufu alizozizoea. Kilichouleta ni mzigo wa maisha kuzidi uwezo, miaka nenda rudi, bila msaada wa kutosha.

Kwa mtoto utaona hivi: aliyekuwa anaongea anabaki na maneno machache, aliyekuwa anajisafisha chooni anaanza kukosea, sare aliyoivaa miaka mitano leo "inachoma", wali wa jana ulikuwa sawa na wa leo una harufu. Analia kwa kitu kidogo. Hata kile alichokipenda kupita vyote hakigusi.

Usibishanie jina ukiwa hospitali. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, linautaja uchovu wa kuishiwa kama jambo la kazini tu, wala haliuiti ugonjwa. Kwa hiyo daktari anaweza asiandike neno hilo kwenye faili. Wewe eleza dalili na zilianza lini.

Kiini cha mambo yote haya ni kujikaza. Mtoto mwenye usonji anajikaza asipepee mikono, anajikaza kumtazama mwalimu machoni, anacheka wenzake wakicheka ingawa hajaelewa kichekesho. Mwenye ADHD anajikaza kukaa kitako. Mwenye disleksia anajikaza ubaoni huku herufi zinamchanganya. "Jikaze" ni neno letu la mapenzi, tunawaambia tangu wanajifunza kutembea. Ila anayejikaza kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri anafika nyumbani hana akiba hata ya salamu.

Ndiyo maana wengi wao ni malaika shuleni na moto nyumbani. Mama anakuja kulalamika, mwalimu anamjibu, "Mbona huku hana shida yoyote, mama?" Sentensi hiyo nimewahi kuitoa mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Mama alikuwa sahihi. Mtoto hulipukia pale anapojua hatafukuzwa.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza magonjwa ya mwili

Hatua hii usiiruke, hasa huku kwetu ziwani. Watoto wa Mwanza wanaoga ziwani, wanachota maji ziwani, na kichocho kipo. Kichocho huchosha mtoto taratibu na kumpunguzia damu bila homa ya kushtua. Malaria ipo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni ya kwetu pia, Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye nayo. Omba apimwe malaria, wingi wa damu, mkojo na choo. Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe. Macho, masikio na meno vilevile, kwa sababu mtoto mwenye usonji anaweza kukaa na jino bovu miezi miwili akionyesha hasira tu.

Taja pia vipindi vya kuduwaa: anakodoa macho sekunde kadhaa, hasikii akiitwa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, na si kila kifafa kinaangusha mtu chini.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au hospitali ya Bugando, ambako kuna idara ya afya ya akili. Nenda na maelezo ya nusu ukurasa: alikuwa anaweza nini, sasa hawezi nini, tangu mwezi gani.

Na uliza kwa upole kama kuna anayemuumiza, njiani, darasani au ndani ya nyumba. Mtoto aliyebadilika ghafla huenda anaonewa. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina malipo.

Hatua ya 3: Andika mzigo wake kwa siku 7

Chukua daftari la kawaida. Kila jioni andika siku yake kwa saa, na pembeni weka alama ya kutoa kwa kilichomchosha na ya kujumlisha kwa kilichomrudishia nguvu. Usiandike unachodhani kinapaswa kumchosha. Andika ulichoona usoni na mabegani.

Nitakuonyesha siku moja ya mwanangu jinsi ilivyokaa kwenye daftari langu. Saa 11 alfajiri kuamka gizani: kutoa. Daladala, konda anapiga bati, redio juu, bega la mtu usoni: kutoa. Mchakamchaka na nyimbo: kutoa, jambo lililonishangaza maana niliamini anaupenda. Kengele ya shule, ambayo ni ringi ya gari inayogongwa kwa nondo, na dirisha lake liko hatua tatu kutoka hapo: kutoa, mara tisa kwa siku. Mvua juu ya bati, mwalimu anapaza sauti kuishinda: kutoa. Mapumziko ya saa 4, wote wanadhani anapumzika, kumbe ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa kuwa haina utaratibu: kutoa kubwa. Tuisheni saa 10 hadi 12: kutoa. Kupita kwa jirani wanakokaanga dagaa: kutoa. Kujumlisha kulingoja hadi Jumamosi: kuangalia kivuko cha Kamanga kikitia nanga, dakika 20.

Wiki nzima ilikuwa na alama tatu za kujumlisha. Nililifunga daftari nikaenda kukaa nje.

Hatua ya 4: Punguza, tena zaidi ya unavyoona aibu kupunguza

Hapa ndipo wengi hukwama. Tunapenda kuongeza: dawa ya nguvu, mwalimu wa ziada, ratiba mpya ukutani, adhabu. Mtoto aliyeishiwa haongezewi kitu. Anapunguziwa.

Anza na tuisheni. Isimame yote, hata kama darasa la saba liko mlangoni. Ninajua ninachosema, mimi mwenyewe nafundisha tuisheni. Mtoto ambaye ubongo umegoma hapati chochote kwa saa mbili za jioni. Anaketi pale mnamlipia kiti. Kambi ya mitihani nayo aiache, au aende mchana arudi kulala kwake.

Kisha angalia yale tunayoyaita adabu. Shikamoo kwa kila mkubwa anayepita ni kazi nzito kwa mtoto ambaye kuongea kumekuwa kugumu. Mwanangu tulikubaliana anainua mkono au anainamisha kichwa, na mimi ndiye nasema, "Shikamoo mama, mwenetu leo sauti imemkauka." Wazee wengi wanapokea. Asiyepokea atakasirika kidogo, atapona.

Kazi za nyumbani mwachie moja tu, ile anayoipenda. Nguo ziwe zilezile laini, hata kama ni fulana ile ile iliyochakaa, ufue usiku ikauke asubuhi. Chakula kiwe kile anachokubali. Kama ni viazi na chai wiki nzima, basi ni viazi na chai, muhimu anywe maji na asipungue uzito. Kuoga kukimshinda, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha. Harusi, misiba ya mbali, sherehe za kipaimara au maulidi ya kelele: mmoja wenu abaki naye nyumbani.

Shule yenyewe? Kama kila asubuhi ni vita, ombeni nusu siku, au siku tatu kwa wiki, kwa kipindi maalumu. Wapo watoto wanaohitaji kusimama kabisa kwa wiki kadhaa. Si uamuzi mdogo, ufanyeni pamoja na mwalimu mkuu na kwa maandishi, mtoto asije akahesabiwa mtoro.

Hatua ya 5: Mpumziko wa kweli

Mtoto kulala kitandani huku unamsemesha kila nusu saa, "Unajisikiaje sasa?" si mpumziko. Mpumziko ni kutotakiwa kitu.

Mtengenezee kona. Nyumba zetu ni vyumba viwili vitatu, sawa. Kona ni nafasi ya nyuma ya kabati na khanga mbili zilizoning'inizwa kwa kamba. Weka mto, kitu kizito cha kujifunika akipenda kukandamizwa, na chochote anachorudia rudia kukifanya. Wangu anapanga vizibo vya soda kwa rangi. Mwingine anajitikisa, mwingine anazungusha gurudumu la baiskeli saa nzima. Usimkataze. Huko kurudia ndiko kunakomtuliza, na wengi wao walikuwa wanaificha tabia hiyo mchana kutwa shuleni.

Simu? Watu hupenda kunibana hapa. Video moja anayoirudia mara 40, sauti chini, humpumzisha wangu. Michezo ya kushindana inamchemsha. Mwangalie wako baada ya kuizima, ndipo utajua.

Hedifoni za kuziba kelele zinasaidia sana, ila bei yake si ya kila mtu. Kofia nzito inayofunika masikio, kutembea upande wa pili wa barabara mbali na spika za duka, kukaa kiti cha mbele karibu na dirisha kwenye daladala, kusafiri saa 4 badala ya saa 1: hivyo ni bure. Kata lebo za shingoni. Na ule msimu wadudu wa ziwa wanapotanda kama moshi na kujaa kwenye taa, zimeni taa ya nje mapema. Sikuwahi kufikiri kama vile vidudu mwilini vinaweza kumtoa mtoto machozi hadi nilipoona.

Hatua ya 6: Akilipuka, au akizima

Kulipuka ni kelele, kupiga, kurusha vitu. Kuzima ni kukaa kimya, mwili mzito, macho hayapo. Yote mawili ni kifaa kimoja kilichozidiwa na umeme.

Nyamaza kwanza. Kila neno, hata la upole, ni kelele nyingine. Ondoa watu, halafu ondoa vitu vya hatari. Kaa chini, upande wake, usimkabili uso kwa uso. Usimshike ila kama anajiumiza au anakimbilia barabarani. Usimmwagie maji. Usimkusanyie watu wa kumwombea kwa sauti. Wakaombee chumba cha pili, Mungu anasikia kutoka huko pia. Kisha subiri. Inaweza kuwa dakika 10, inaweza kuwa 50.

Ikitokea ndani ya daladala, shukeni kituo kinachofuata. Nauli imepotea, imepotea. Mimi hubeba sentensi moja tayari kwa abiria: "Samahani jamani, mwanangu ana usonji, anahitaji hewa." Ukiisema kwa sauti ya kawaida, watu wa Mwanza wanakupisha, na mara nyingi yupo mama mmoja atakayekushikia begi.

Baada ya hapo hakuna kesi. Usimwite jioni kumhoji kwa nini alivunja kikombe. Atakuwa na aibu kuliko wewe.

Hatua ya 7: Ndugu

Hutamaliza mwongozo huu bila bibi, shangazi na mjomba. Utaambiwa amerogwa, apelekwe kwa mtaalamu wa jadi. Utaambiwa unamlea kizungu. Utaambiwa "mpe kwangu mwezi mmoja tu". Usibishane mbele ya mtoto. Nenda kwa heshima, kaa chini, zungumza kwa lugha ya mzee mwenyewe.

Baba mkwe wangu amevua dagaa karibu maisha yake yote. Nilimweleza habari za ubongo, akanitazama tu. Siku nyingine nikamuuliza, "Baba, mbalamwezi ikiwaka mnakwenda ziwani?" Akacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala. Nikamwambia, "Mjukuu wako yuko kwenye mbalamwezi, baba. Ukimsukuma majini atarudi na mtumbwi mtupu." Akanyamaza muda mrefu. Tangu hapo ndiye anayewanyamazisha wengine.

Hatua ya 8: Shule

Usiende na malalamiko, nenda na maombi machache yanayowezekana. Darasa langu lina watoto 94. Ukiniletea orodha ya mambo 20 nitatabasamu na kuisahau. Niletee matatu: akae mbali na kengele, aruhusiwe kutoka kwenda chini ya mwembe kwa kadi bila kuomba mbele ya darasa, asiitwe ubaoni bila kuambiwa mapema. Hayo ninaweza kesho asubuhi.

Viboko ulizie waziwazi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi 4, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kwa mtoto aliyeishiwa hata kimoja ni kingi, maana unamwadhibu kwa kitu asichokuwa nacho. Kama mazungumzo yamekwama, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma shule ya kawaida na kupewa msaada anaohitaji. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri, Nyamagana, Ilemela au ulipo. Ila anza na chai na mwalimu wa darasa. Barua humfanya mwalimu ajilinde.

Kwa vijana

Wasichana wengi hufika kidato cha pili au cha tatu bila mtu kushtuka, kwa sababu wamejifunza kujikaza vizuri mno: wameiga cheko la rafiki, mwandiko wa rafiki, hata matembezi. Wanapoishiwa huonekana kama wamebadilika tabia. Bweni huharakisha hali hiyo: kitanda juu ya kitanda, taa, zamu, hakuna mlango wa kufunga. Kumhamishia shule ya kutwa si kushindwa. Muulize mwenyewe nini kinamchosha, na umwamini jibu lake hata likiwa "kila kitu". Akishindwa kuongea, mwandikiane meseji mkiwa nyumba moja.

Kijana akisema hataki kuishi, au anagawa vitu vyake, usingoje wiki ipite. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, funga dawa na sumu za shambani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kurudi

Dalili ya kwanza ya kupona si kurudi shule. Ni kurudi kwa lile alipendalo. Wangu, kama mwezi wa tatu tangu tumpunguzie mzigo, aliniambia bila kuulizwa kwamba kivuko kimepakwa rangi mpya. Ningeweza kuruka kwa furaha, ila nilijibu tu, "Kumbe," nikaendelea kuchambua mchele.

Na hapo ndipo tunapoharibu. Tukiona nuru kidogo tunarudisha vyote: shule, tuisheni, kanisa, salamu. Baada ya wiki mbili yuko chini kuliko mwanzo. Rudisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, ndipo uongeze kingine. Anza na asubuhi mbili za shule, vipindi anavyovipenda. Vingine havirudi tena. Mchakamchaka kwetu haujarudi hadi leo, wala hautarudi.

Tafuteni kipimo ambacho hakihitaji maneno. Sisi tunatumia vizibo. Kila asubuhi anaweka kwenye sahani ya bati vizibo kulingana na nguvu alizoamka nazo, kuanzia kimoja hadi vitano. Vitano ni siku nzima. Vitatu ni nusu siku. Kimoja, habebi begi, na mimi sisemi kitu. Nilihofu atatumia ujanja kukaa nyumbani. Mwezi mzima wa kwanza alifanya kinyume, akaweka vinne huku anatetemeka, mpaka alipoamini kwamba kimoja hakina adhabu.

Siku hizi sahani ni mbili mezani. Ya pili ni yangu, na nikiweka vizibo viwili, jioni chakula anapika baba yake, na mimi nalala saa 2 bila kuosha chombo hata kimoja.